Historia ya Boneti

Historia ya huku kwetu imeandikwa kwa dhahabu. Fungua kitabu chochote kinachotaja Geita, utamkuta Mjerumani anayezunguka na nyundo akigonga mawe, utamkuta Mwingereza na mgodi wake uliofanya kazi tangu 1936 hadi 1966, kisha utakuta mgodi mkubwa wa sasa uliofunguliwa mwaka 2000. Baada ya hapo ni wakia, tani na mirabaha mpaka ukurasa wa mwisho. Hakuna anayeuliza hiyo dhahabu ikishauzwa ilinunua nini, na kile kilichonunuliwa kilitunzwaje. Mimi nimekulia Buseresere, na nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mchimbaji aliyepata, baada ya nyumba na mke wa pili, alinunua gari. Kwa hiyo nimeamua kuandika historia ya boneti. Usicheke kwanza.

Baba yangu mdogo ana mchomoko. Kwa mgeni wa kanda hii, mchomoko ni lile gari dogo la abiria lililotoka Japani likiwa limeshatumika, linalokaa stendi likijaza watu kuliko viti vyake na kuchomoka kuelekea Geita, Chato au Bwanga. Mchomoko huo ndio shamba lake na ndio ng'ombe wake. Rangi yake ikifa, abiria mwenye begi zuri anahamia kwa jirani, kwa sababu watu huamini kuwa gari linalong'aa hata breki zake ni nzima. Na siku ya kuliuza, mnunuzi hafungui injini kwanza. Anapitisha kidole juu ya paa, anakitazama kile kidole kama kimetoka na unga, kisha anataja bei inayokata maini. Sasa utaniambia kung'arisha gari ni mambo ya kuuza sura tu?

Tuanze na adui mwenyewe, yaani vumbi. Buseresere na Katoro ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka wa wilaya: huku Chato, kule Geita. Zamani hata mkoa ulikuwa tofauti, sisi tukiwa Kagera, mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Barabara kuu ina mkeka siku hizi, lakini ukitoka hatua mia pembeni uko kwenye udongo mwekundu. Wekundu wake ni kutu ya chuma, na kwa taarifa yako, ile praima nyekundu ambayo mafundi huipaka chini ya rangi, wanayoiita redi oksaidi, inapata wekundu wake kwenye kitu hicho hicho. Kwa hiyo gari letu lina udongo wetu chini ya rangi na udongo wetu juu ya rangi.

Huo udongo mwekundu peke yake si tatizo kubwa, ni laini. Tatizo ni makarasha. Dhahabu ya ukanda huu imelala ndani ya mishipa ya kwazi, lile jiwe jeupe linalofanana na chumvi ya mawe, na ili uipate lazima jiwe lisagwe liwe unga. Rwamagasa wanasaga, Nyarugusu wanasaga, kila penye maduara wanasaga usiku na mchana. Sasa kwazi katika kipimo cha ugumu wa mawe kinachokwenda 1 hadi 10, ambapo almasi ndiyo 10, inashika 7. Inachora kioo. Inachora chuma cha kisu. Rangi ya gari, ambayo kwa ukweli wake ni plastiki nyembamba, haina ubavu mbele yake. Kijana akichukua dasta kavu akafuta boneti lililotoka machimboni, anafikiri anafuta vumbi, kumbe anapiga msasa. Matokeo utayaona jua likiwa upande mmoja: mikwaruzo midogo inayozunguka kama utando wa buibui.

Ongeza jua lenyewe. Tuko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na juu kuliko uso wa Ziwa Victoria ambao wenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari. Jua la namna hiyo halipigi ngozi ya mtu tu. Mionzi yake isiyoonekana inakata minyororo ya kemikali inayoshika rangi, na rangi ya zamani ikikatika inageuka unga, ule unaotoka kwenye kidole cha mnunuzi. Nyekundu ndiyo huumbuka mapema, inakuwa waridi, kisha inakuwa kama fizi za mgonjwa. Na ukilikimbiza gari kivulini chini ya mwembe, utomvu na vinyesi vya ndege vinakungojea huko huko.

Kukipaka chombo kitu ili kilicho chini kisife si ujuzi uliokuja na gari. Lugha yetu inao msamiati wake wa siku nyingi, ingawa sisi vijana wa bara tumeuacha pwani. Mabaharia wa Lamu, Unguja na Kilwa walipaka ubao wa jahazi sifa, mafuta ya papa yanayonuka kiasi cha kumfukuza mgeni, ili jua na maji visiupasue. Sehemu inayozama walipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuzuia wale wadudu wanaotoboa mbao. Mianya waliiziba kwa kalafati. Chombo kilipandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikapakwa upya, na baada ya miezi kadhaa tena vivyo hivyo. Hakuna nahodha aliyedanganywa kwamba kuna deheni ya kudumu milele. Kile kinachopakwa kazi yake ni kuliwa badala ya ubao, na kikishaliwa unapaka kingine. Ukishika jambo hilo moja umeshika nusu ya elimu yote ya silanti za magari, na nusu iliyobaki ni kemia.

Bara nako tulikuwa na chetu: nta. Mapori ya miombo ya Biharamulo, Ushirombo na Kahama, mpaka Tabora, ni nchi ya mizinga ya magome na magogo inayoning'inia juu ya miti. Asali ililiwa na kutengenezewa pombe, lakini nta ilisafiri. Tangu enzi za Wajerumani nta ya nyuki ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizobebwa kutoka ndani hadi pwani na kupakiwa meli kwenda Ulaya. Huko iliingia kwenye mishumaa, vipodozi, na dawa za kung'arisha samani na ngozi. Kwa maneno mengine, kabla babu zetu hawajaona gari hata moja, pori lao lilikuwa linang'arisha meza za watu wasiowajua.

Gari nalo lilikuja mapema kuliko tunavyodhani. Agosti 1907 afisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akaingia Swakopmund upande wa pili wa Afrika mwezi Mei 1909. Karibu miaka miwili! Magari ya wakati ule yalipakwa rangi kama magari ya kukokotwa na farasi: mafuta na vanishi, kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kila moja likingojewa likauke. Gari moja liliweza kukaa wiki kadhaa kwenye karakana ya rangi. Henry Ford hakuwa na subira hiyo, ndiyo maana kuanzia 1914 hadi 1925 gari lake la Model T lilitoka kwa rangi nyeusi tu, rangi iliyookwa kwenye tanuri ikakauka haraka.

Aliyebadilisha mchezo ni muuza baruti, na hili napenda sana kuwasimulia jamaa wa machimboni. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilikuwa kampuni ya baruti. Moja ya vitu vyake ni nitroselulosi, ambayo ikitengenezwa namna moja inalipuka, na ikitengenezwa namna nyingine inakuwa rangi ya kupuliza inayokauka kwa muda mfupi. Rangi hiyo waliiita Duco, na gari la Oakland la mwaka 1924 ndilo lililotamba nayo, likiwa la buluu. Wiki zikageuka saa. Ndugu wawili wa tumbo moja, basi: mmoja anapasua mwamba ndani ya duara, mwingine anang'aa juu ya boneti la tajiri wa duara.

Lakini rangi za kupuliza za siku zile zilikuwa na kasoro. Zilikauka upesi na zilififia upesi. Zilitaka kusuguliwa na kupakwa nta mara kwa mara, na hapo ndipo biashara ya makopo ilipozaliwa. Simoniz ya Chicago ilikuwa sokoni tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiuza kopo la kusafishia na kopo la kulindia. Mwaka 1941, Chicago hiyo hiyo, Ben Hirsch alianzisha polishi yake iliyokuja kuitwa Turtle Wax, jina ambalo hata leo utalikuta kwenye rafu za maduka ya vipuri. Na usisahau Kiwi, dawa ya viatu iliyoanzia Melbourne mwaka 1906, ambayo kwetu imeacha kuwa jina la kampuni ikawa jina la kitu chenyewe. Nimeona kwa macho yangu vijana wakiipaka kwenye bampa jeusi lililopauka. Inang'aa mpaka mvua ya kwanza.

Kwa nini basi nta yetu ya nyuki haikutawala makopo hayo? Jibu liko kwenye joto. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Boneti jeusi lililoegeshwa juani saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 70. Paka nta ya nyuki tupu hapo, italainika, itashika kila punje ya vumbi inayopita, na jioni utakuwa na gari lililovaa koti la mchanga. Nta iliyoshinda ni ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi fulani wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Ule mti huipaka majani yake wenyewe ili jua lisiyakaushe. Karnauba haiyeyuki mpaka nyuzi 82 hadi 86. Kwa hiyo fundi wa Mwanza aliyetaka kulinda rangi ya gari alinunua kopo lenye nta iliyovuka bahari mbili, ilhali kilomita chache kutoka alipo nta ya nyuki ilikuwa inafungashwa kwenda nje. Sisemi kuna mtu aliyemwibia mtu katika hili. Nta hizo mbili ni tofauti kweli. Ila naona inafaa kijana wa Buseresere alijue hilo anapolipia kopo.

Baada ya uhuru historia hii inabadilika sura. Miaka ya Ujamaa gari la mtu binafsi lilikuwa kitu adimu, na adimu ya kweli ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vilipita kwenye mkoa wetu wenyewe, na malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na vyakula. Baada ya vita, fedha za kigeni hazikuwepo. Sabuni ya kuogea ilipangiwa foleni, sembuse polishi ya gari. Wazee wanasimulia jinsi Land Rover zilivyotunzwa enzi hizo: oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ilipakwa chini ya gari ili kutu isipate pa kushika, na milango ilifutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Oili chafu inafukuza maji kweli, ila inakula mipira na inaharibu ardhi inapodondokea. Lakini mwenye gari asingeweza kupata jingine, kwa hiyo lile moja alilipaka alichonacho. Ni kama deheni, imerudi kwa mlango wa nyuma.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje, na kuanzia hapo milango ikafunguka kidogo kidogo. Huku kwetu ilikutana na jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilikuwa inanunua dhahabu moja kwa moja kutoka kwa wachimbaji wadogo, machimbo yakafumka kila kona, na magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kuonekana Katoro na Buseresere. Nasimuliwa kuwa tajiri wa duara wa wakati ule alikuwa anatesa hasa: pikapu mpya kwa macho ya watu, imeoshwa asubuhi, adhuhuri imeoshwa tena, jioni inapita polepole mbele ya vilabu ili taa zimulike ubavu wake. Duara likikauka, pikapu inauzwa. Na hapo ndipo waliolitunza na wasiolitunza walipojulikana.

Magari hayo ya Japani yalikuja na kitu ambacho mafundi wetu hawakukizoea: klia. Rangi ya zamani ilikuwa tabaka moja lenye rangi na mng'aro pamoja. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vingi vilihamia mfumo wa tabaka mbili, rangi yenyewe chini ikiwa haina mng'aro, na juu yake klia, tabaka lisilo na rangi, linalong'aa na kuchuja mionzi ya jua. Fundi rangi mmoja wa hapa kwetu, mzee ambaye mkono wake umeshika bunduki ya rangi kuliko kijiko, alinifundisha namna ya kuzitambua. Chukua kitambaa cheupe chenye kampaundi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hiyo ni rangi ya kizamani, unaweza kuisugua ukaondoa ngozi iliyokufa na rangi ikafufuka. Kitambaa kikibaki cheupe, kuna klia juu.

"Na kama ni klia, mzee?"

"Kama ni klia, ng'wanawane, sugua kama unamwosha mtoto mchanga. Ikiisha haioti tena."

Klia ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo. Vijana waliojifunza kazi kwenye rangi za zamani walizoea kampaundi kali na mkono mzito, wakaishambulia klia kwa nguvu zile zile. Inang'aa siku hiyo, mteja anafurahi, analipa. Mwaka unaofuata klia inaanza kubanduka juu ya paa kama ngozi ya nyoka, mabaka meupe kila mahali, na hapo hakuna polishi duniani itakayosaidia. Ni kupiga rangi upya.

Ndiyo sababu silanti zilipata soko. Silanti ni mtoto wa kemia ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Badala ya nta ya mti au ya mdudu, wataalamu walitengeneza polima, minyororo mirefu ya kemikali, mingi ikiwa ya jamii ya silikoni, inayojishika kwenye rangi kwa nguvu kuliko nta na kuvumilia joto kuliko karnauba. Nta nzuri kwenye jua letu inakaa wiki chache. Silanti nzuri iliyopakwa sawasawa inakaa miezi mitatu, minne, hata sita. Dalili yake ni maji: ukimwagia, yanasimama kama shanga na kukimbia. Maji yakianza kulala bapa kama chapati, ujue ulinzi umekwisha. Kinachoimaliza upesi kuliko jua ni ile sabuni ya unga ya kufulia, ambayo kazi yake ni kuondoa mafuta, na yenyewe haiulizi mafuta gani.

Katikati ya sayansi hii wamo wauza maneno. Kopo linaandikwa lina Teflon, basi bei inaruka mara mbili. Teflon iligunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938, na ni kitu cha maana kwenye kikaangio, lakini haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 327, na kuishikisha juu ya chuma kunahitaji tanuri. Hakuna mtu anayeoka mchomoko. Siku hizi wamekuja na seramiki, wanaahidi miaka. Seramiki ni kitu cha kweli, inakauka ikawa ngumu kuliko silanti ya kawaida, ila inataka rangi iliyonyooshwa kwanza, kivuli kisicho na vumbi, na mkono uliofundishwa. Kinachonifurahisha mimi ni kiini chake. Ni silika, kitu kile kile kinachounda kwazi ya Rwamagasa. Jiwe linalochora boneti letu ndilo linalouzwa kwenye chupa ndogo kulilinda.

Sasa nije kwenye kasheshe iliyonifanya nishike kalamu. Mchomoko wa baba mdogo uligongana na ng'ombe njia ya Bwanga, boneti likapinda. Likanyooshwa, likapigwa puti, likapelekwa kwa mzee fundi rangi. Mzee akapuliza. Rangi ikiwa bado mbichi, ikaanza kufunguka vishimo, vidogo, vya duara, mamia, kama macho ya samaki. Akapiga msasa, akafuta kwa thina, akapuliza tena. Macho yakarudi. Siku sita gari halijapakia abiria, na marejesho ya mkopo hayangojei boneti. Siku ya saba mzee alikuja mwenyewe pale vijana wanapooshea magari, nami nikiwepo.

"Shikamoo mzee," wakasema wote.

"Marahaba. Nani kati yenu amelipaka gari hili uchafu wenu?"

Mzee alikuwa na haki ya kufoka. Silikoni ndani ya silanti na polishi nyingi ndiyo inayofanya maji yakimbie, na rangi mbichi nayo ikikutana nayo inakimbia vile vile, inaacha shimo. Chembe ndogo isiyoonekana inatosha. Thina ukiitumia ovyo haiiondoi, inaitembeza tu kutoka huku kwenda kule. Inaingia kwenye mikwaruzo ya msasa, inakaa kwenye kitambaa, inaweza hata kuelea hewani mwa karakana ikaangukia gari jingine lisilo na hatia. Kwa fundi rangi, kijana mwenye chupa ya silanti ni kama mtu anayetia mchanga kwenye unga wa jirani.

Lakini na vijana walikuwa na haki. Mshikaji mmoja, mdogo kuliko mimi, akajibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: "Mzee, sisi tukiacha kupaka, hayo magari yatakuja kwako yote baada ya miaka miwili. Ni neema kwako. Kwa mwenye gari ni kilio." Watu wakacheka. Mzee hakucheka, ila naye hakuondoka. Alivuta ndoo akakalia.

Walibishana mpaka saa kumi. Nilisikiliza nikagundua kuwa hawa watu wanajua vitu viwili tofauti kuhusu boneti moja, na havijawahi kukutana. Mzee anajua kinachotokea chini ya rangi. Vijana wanajua kinachotokea juu yake: kwamba vumbi la makarasha lazima lizolewe na maji mengi kabla kitambaa hakijagusa, kwamba ndoo ya kuoshea na ndoo ya kusuuzia zisiwe moja, kwamba silanti inapakwa kivulini juu ya bodi iliyopoa, nyembamba kama pumzi, ikishageuka ukungu unafuta, halafu gari lisinyeshewe mpaka kesho yake. Wanajua pia kuwa maji yenyewe ni vita. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, kwa hiyo maji yananunuliwa kwa ndoo, na kila ndoo inayotumika kuzolea kwazi inapunguza chakula cha jioni. Ndiyo maana dasta kavu haitakufa leo, hata uhubiri vipi.

Magari nayo yanaongezeka. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, huhitaji tena kulala foleni ya pantoni kutoka Mwanza. Gari linaoshwa Mwanza asubuhi, linapakwa kitu Geita, linagongwa Katoro, linapigwa rangi Buseresere. Fundi wa mwisho hajui wa kwanza alifanya nini.

Walichokubaliana ni kidogo. Mzee aliosha lile boneti upya kwa dawa halisi ya kuondoa silikoni aliyoagiza Mwanza, akibadilisha kitambaa kila mara baada ya kufuta, na safari hii rangi ikalala. Gharama ya dawa waligawana, nusu yake, nusu ya vijana. Baba mdogo alirudi stendi siku ya tisa. Na pale penye kuoshea pakawekwa daftari. Mimi ndiye ninayeliandika, kwa sababu ndiye niliyekuwa nimekaa bure na kalamu mfukoni. Namba ya gari, aina ya rangi, klia ipo au haipo, kimepakwa nini, tarehe gani. Fundi rangi yeyote anaweza kuja kulisoma kabla hajashika bunduki yake. Lina kurasa 96, nimefika ya 31. Mchomoko wa baba mdogo umeandikwa hivi: boneti jipya, klia, usipake kitu chochote kwa miezi miwili, rangi ipumue kwanza, paa, klia imechoka upande wa kushoto, kampaundi marufuku, milango, silanti, irudiwe mvua za vuli zikianza.